Plagi imegeuka kahawia: umeme wa ampea 30, 50 na 20 kwenye kambi za karavani Marekani

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Tumenunua karavani ya kuvutwa iliyokwisha kutumika, yenye plagi ya ampea 30, nasi tunazunguka nayo Marekani. Kwenye kambi ya kwanza breka ya kisanduku cha umeme ilijikata mara tatu alasiri, na tulipochomoa tukakuta jino moja la plagi limegeuka kahawia. Jirani alitushauri tununue kinga ya umeme, ila zipo za aina mbili na bei zake zimepishana mno. Kambi inayofuata ina soketi ya ampea 50 na ya ampea 20 tu. Tununue kinga ipi, na je, soketi hizo tunaweza kuzitumia?

Jibu: Nzuri, na karibuni. Naomba tuanze na plagi, kwa sababu kinga ya bei yoyote haitawasaidia kwa tatizo hilo. Msiichomeke tena.

Jino lililobadilika rangi limepata joto kali, na joto hilo hutokana na mguso hafifu kati ya jino na vibano vya ndani ya soketi: kutu, masizi, au vibano vilivyolegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa na wageni wasiohesabika. Hesabu yake ni fupi. Ampea 25 zikipita penye ukinzani wa omu 0.1 tu, pale pale kwenye jino huzaliwa wati 62 na nusu za joto. Hilo ni joto la pasi ya kulehemu nyaya za redio, limefungiwa ndani ya plastiki. Breka hailioni kama kosa, maana ampea hazijafika 30. Kinga nyingi hazilioni pia, maana volti ziko sawa na nyaya zimeunganishwa inavyotakiwa. Linaonekana kwa jicho na kwa mkono wenu tu.

Kusugua jino kwa msasa kunaondoa weusi, lakini hakurudishi mpako wa chuma ulioungua wala hakukazi skrubu ya ndani iliyolegea. Zaidi ya hapo, plagi iliyoungua ikichomekwa kwenye soketi nzima huiharibu na hiyo, kisha mgeni atakayewafuata anarithi tatizo. Kateni plagi, mfunge mpya ya aina ya TT-30, ile yenye meno mawili bapa yaliyoinama na jino la tatu la mviringo la ethi, yaani waya wa usalama. Rudisheni waya nyuma hadi mkute shaba inayong'aa. Ikiwa bado nyeusi, endeleeni kukata, hata sentimita 15 zikienda. Waya mweusi ni wa moto, yaani unaoleta umeme, unakwenda kwenye skrubu ya rangi ya shaba. Mweupe ni nyutro, waya wa kurudisha umeme, skrubu ya rangi ya fedha. Wa kijani ni ethi, skrubu ya kijani. Kazeni skrubu kwa nguvu iliyoandikwa kwenye plagi yenyewe, kisha kazeni kibano cha ganda la nje ili mvuto uangukie kwenye mpira wa kebo badala ya nyuzi za shaba. Kebo ya ampea 30 iwe na nyaya za shaba za namba 10 kwa kipimo cha Marekani, AWG. Namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba, kwa hiyo namba 12 haitoshi.

Tazameni pia upande wa pili wa kebo, pale inapozungushwa na kufungwa ubavuni mwa karavani. Hapo huungua mara nyingi vilevile, na kwa karavani iliyotumika watu husahau kupaangalia.

Kwa nini breka ilijikata

Umeme wa ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600, na hizo ni kwa muda mfupi. Kwa mzigo unaodumu saa tatu au zaidi, kanuni ya umeme ya Marekani hutaka msizidi asilimia 80, yaani ampea 24. Sasa jumlisheni. Kiyoyozi cha BTU 13,500 hula kama ampea 13 kikiwa kimeshachanganya, na zaidi siku ya joto kali. Hita ya maji ya kawaida ya karavani, wati 1,440, ni ampea 12. Mpaka hapo mna 25. Chaja ya betri inaongeza ampea 3 hadi 8 kutegemea betri zilivyoisha, na friji inayotumia umeme na gesi huongeza kama 3. Mkiwasha maikrowevu, ambayo huvuta kama 12 au 13, mmeshafika 43 na zaidi. Breka ilifanya kazi yake.

Dawa ni zamu. Kiyoyozi kikifanya kazi, pelekeni hita ya maji na friji kwenye gesi. Mkitaka maikrowevu au kikausha nywele, zimeni kiyoyozi kwanza. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba swichi ya hita ya maji upande wa umeme mara nyingi imejificha nje, kwenye mlango mdogo wa hita yenyewe, hivyo inaweza kuwa inawaka siku nzima bila ninyi kujua.

Ila breka nayo huhisi joto. Ikiwa ndani ya kisanduku kilichopigwa na jua, karibu na mguso uliolegea kama ule uliounguza plagi yenu, inaweza kujikata hata kwa ampea 26 au 27. Breka iliyojikata mara nyingi kwa miaka nayo huchoka. Kwa hiyo ikijikata wakati mzigo wenu ni mdogo, acheni kuirudisha juu na mwombeni mwenye kambi awabadilishie nafasi.

Kwa nini alasiri

Alasiri kila karavani imewasha kiyoyozi, na nyaya kuu za kambi hazikupimwa kwa kudhania kwamba wote watatumia kila kitu kwa pamoja. Kanuni ya umeme ya Marekani, NEC, kifungu cha 551, inaruhusu mpimaji wa kambi yenye nafasi 36 au zaidi akadirie nyaya kuu kwa asilimia 41 ya jumla ya mzigo wa nafasi zote. Siku ya kawaida hilo linatosha. Siku ya jua kali, kambi imejaa, volti zinashuka, na walio mwisho wa laini wanaumia zaidi.

Volti zikishuka, hita na taa hupunguza tu nguvu, lakini mota ya kiyoyozi haiko hivyo. Mzigo wake uko pale pale, kwa hiyo inavuta ampea nyingi zaidi na kupata moto. Kuanza ndiko kugumu zaidi, kwa sababu nguvu ya kuanzia hupungua kwa mraba wa volti. Toka 120 hadi 104, inabaki robo tatu tu. Kompresa inaweza kukwama, ikanguruma bila kuzunguka huku ikivuta ampea mara kadhaa ya kawaida yake, mpaka swichi yake ya joto ikate. Ikirudia hivyo mchana kutwa kwa siku kadhaa, koili za mota huungua taratibu. Huu ndio uharibifu ninaouogopa zaidi kwa wenye karavani, kuliko radi, kwa sababu hauna kishindo. Mtu anagundua mwezi mmoja baadaye kiyoyozi kikifa, na hakuna anayekumbuka ile kambi.

Kinga za aina mbili

Aina ya kwanza, ile ya bei nafuu, hukinga mruko wa umeme peke yake. Ndani yake kuna vidonge vya varista ambavyo volti zikipanda ghafla kwa sehemu ndogo sana ya sekunde huzimeza na kuzigeuza joto. Uwezo wake huandikwa kwa jouli, na kila mruko unapunguza uwezo huo mpaka unaisha. Baadhi zina taa zinazoonyesha kama nyaya zimegeuzwa, lakini taa inawaambia tu na umeme unaendelea kupita. Volti zikishuka hadi 98, kinga hii hainyanyui kidole.

Aina ya pili inafanya hayo, kisha ina swichi ya sumaku inayokata umeme wenyewe. Kabla ya kuruhusu chochote kipite, inapima. Zilizoenea zaidi hukata volti zikishuka chini ya 104 au zikipita 132. Pia hukataa soketi iliyogeuzwa moto na nyutro, isiyo na ethi, au yenye nyutro iliyokatika. Baada ya kukata, nzuri husubiri dakika mbili hivi kabla ya kurudisha, ili gesi ya kompresa itulie pande zote mbili. Kompresa ikilazimishwa kuanza mapema ndipo inapokwama.

Nunueni ya pili, iliyoandikwa ampea 30 na volti 120, yenye alama ya kiwango cha UL 1449. Ya kuchomekwa kwenye kisanduku inawafaa zaidi ninyi kuliko ya kufungwa ndani, kwa sababu haihitaji fundi na inalinda mpaka kebo. Ubaya wake ni mvua na wezi, hivyo chagueni yenye mfuniko na tundu la kufuli. Fedha zikiwa hazitoshi kwa sasa, nawashauri mruke ile ya kwanza kabisa. Nunueni plagi mpya, mita ya kupimia volti yenye daraja la usalama la CAT III, na kile kipima volti kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya ndani kikabaki kinaonyesha namba muda wote. Mtakuwa mmelindwa vizuri kuliko mtu mwenye kinga ya jouli elfu asiyejua volti zake ni ngapi.

Kwa radi inayopiga karibu, chomoeni. Hakuna kifaa cha kushika mkononi kitakachoizuia.

Kupima kabla ya kuchomeka

Kizimeni kisanduku kwanza. Angalieni soketi: plastiki iliyoyeyuka, weusi, plagi inayoingia kwa ulegevu kama kijiko kwenye kikombe. Ukiona kimoja, usitumie. Kisha washeni breka na mpime kwa mita, mkono mmoja tu ukifanya kazi, viatu vikavu, vidole nyuma ya kizuizi cha ncha za mita. Asiyewahi kupima soketi yenye moto aiachie kinga ya aina ya pili kazi hiyo.

Kwenye TT-30, moto kwa nyutro isome karibu 120. Moto kwa ethi, vilevile karibu 120. Nyutro kwa ethi, karibu sifuri. Ukipata 120 kati ya nyutro na ethi na sifuri kati ya moto na ethi, nyaya zimegeuzwa: vitu vitawaka kama kawaida, lakini breka za ndani ya karavani zitakuwa zinakata nyutro na kuacha moto ndani ya kifaa ulichodhani umekizima.

Ukipata 240 kati ya moto na nyutro, ondokeni hapo. Kosa hili ni la kawaida zaidi kwenye nyumba za watu kuliko kwenye kambi. Fundi wa nyumbani anaona soketi ya ampea 30, anadhani ni ya mashine ya kukaushia nguo, anaipa laini mbili za moto. Karavani ya volti 120 ikichomekwa humo, chaja, maikrowevu, televisheni na ubao wa kiyoyozi huungua kabla mtu hajafika mlangoni. Kwa hiyo ndugu akiwaambia "nimeshawafungia soketi ya karavani", mshukuruni, kisha mpime.

Kipimo cha mwisho ni cha mzigo. Someni volti kabla ya kuwasha chochote, washeni kiyoyozi na kitu kingine kizito mpaka mfikie kama ampea 20, someni tena. Zikishuka toka 119 hadi 115, sawa. Zikishuka hadi 108, kuna waya mwembamba au mguso uliolegea mahali fulani. Baada ya nusu saa ya mzigo shikeni plagi: vuguvugu ni kawaida, lakini ikiwa hamwezi kuishika kwa sekunde tano, zimeni.

Mkiguswa na umeme mlangoni

Mtu akisimama chini na kushika komeo la karavani akahisi mchonyoto, hata mdogo, msiseme ni unyevu. Maana yake ni kwamba bodi ina volti na ethi haiko. Zimeni breka ya kisanduku mara moja, na watoto wakae mbali mpaka kosa lipatikane. Kutoka ndani, rukeni kwa miguu yote miwili bila kushika bodi.

Wapo wanaoshauri kupigilia nondo ardhini na kuifunga kwenye fremu. Usifanye hivyo ukadhani umepata ethi. Udongo wenye omu 25, ambao si mbaya, utapitisha ampea chini ya 5 tu kwa volti 120. Breka ya ampea 30 haitajikata kamwe kwa ampea 5, na bodi itabaki na volti zake. Ethi ya kweli ni waya unaorudi hadi pale nyutro na ethi zinapounganishwa kwenye chanzo cha umeme cha kambi. Kwa sababu hiyohiyo, ndani ya karavani nyutro na ethi hazipaswi kuunganishwa. Mkikuta mwenye karavani wa kwanza aliziunganisha, tenganisheni.

Soketi ya ampea 50 na ya ampea 20

Soketi ya ampea 50, ya aina ya 14-50, ina matundu manne: laini mbili za moto, nyutro na ethi. Kila laini kwa nyutro ni 120, na laini kwa laini ni 240, ambayo kwenye kambi inayolishwa kwa umeme wa njia tatu (fezi tatu) inaweza kuwa 208. Jumla yake ni wati 12,000. Karavani yenu inaweza kuitumia salama kwa adapta fupi iliyotengenezwa kiwandani, yenye meno manne upande mmoja na mdomo wa TT-30 upande wa pili. Ndani yake imechukua laini moja tu, nyutro na ethi, kwa hiyo mdomoni mtapima 120. Pimeni mdomo huo kabla ya kuunganisha kinga, kisha kinga, kisha kebo. Kamwe msijitengenezee adapta hii.

Kebo yenu sasa iko nyuma ya breka ya ampea 50 badala ya 30. Breka kuu ya ndani ya karavani bado inawabana kwa 30, lakini kebo yenyewe ikipata hitilafu njiani itavumilia moto mwingi zaidi kabla ya kukatwa. Kebo iliyochubuka au kukanyagwa na gurudumu isitumike hapo. Vilevile nyutro ya soketi za ampea 50 ikikatika huko nyuma, kwenye laini za kambi, volti za laini mbili huanza kugawana kulingana na mizigo. Upande mmoja ukiwa na hita ya wati 1,500 na mwingine vitu vya wati 150, vile vidogo hupata kama volti 218. Wenye karavani za ampea 50 ndio huumia kwanza, lakini na ninyi mko kwenye mojawapo ya laini hizo. Kinga inayokata kwenye 132 ndiyo itakayowaokoa.

Ya ampea 20 ni ya dharura. Mna wati 2,400 kwa muda mfupi, ampea 16 kwa kudumu: taa, chaja, friji, na labda maikrowevu peke yake. Kiyoyozi kinaweza kuanza asubuhi na kukataa saa nane mchana. Soketi hiyo huwa na kitufe cha majaribio, nayo hukata umeme ukivuja miliampea 5 hivi, hivyo karavani nyingi zilizotumika huikatisha papo hapo. Ikitokea, zimeni breka zote za ndani, muwashe moja moja. Mara nyingi mkosaji ni koili ya hita ya maji iliyopasuka na kuingiza maji. Ikikata hata breka zote zikiwa zimezimwa, kagueni ule muungano wa nyutro na ethi niliousema.

Mkihitaji kurefusha kebo, tumieni ya namba 10 yenye plagi ya TT-30 upande mmoja na mdomo wa TT-30 upande wa pili. Kebo ya kawaida ya kurefushia ya namba 14, mita 15, kwa ampea 25 hula kama volti 6 na kutoa zaidi ya wati 150 za joto. Na msiiache imeviringishwa kama kamba ya kisima. Itandazeni yote, kwa sababu joto la viringo halina pa kutokea.

Siku ya kuondoka, zimeni kiyoyozi ndani, subirini kitulie, zimeni breka ya kisanduku, ndipo mchomoe. Plagi ikichomolewa wakati ampea zinapita hutoa cheche, na kila cheche huacha kishimo kwenye jino. Ndivyo ukahawia unavyoanza.